Kadi Zangu Zimebandikwa Picha Nje

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijavunja kioo, maana mimi ni fundi saa wa miaka hamsini na minne, mpole, mwenye kitambi cha kukaa kitako na miwani ya vioo vinene, na maishani sijagombana na chochote ila saa za ukutani, lakini wiki hii nimemnunia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu tunayeishi naye, hata akipika nasema nimeshiba huku tumbo linaniumbua mbele ya watu.

Kisa ni postikadi za zamani. Nazikusanya tangu ujana, nazitafuta kwa wauza vitabu chakavu, kwenye droo za makabati yaliyotupwa, kwa watu wanaohama nyumba, nikazijaza kwenye maboksi ya viatu uvunguni, na mke wangu alishakubali kwamba upande wangu haufagiliwi. Shemeji naye ni fundi wa fremu za picha, mikono yake sina neno nayo, basi nilipotimiza miaka thelathini ya kazi nikatolewa matembezi, kurudi nakuta sebule imejaa majirani wanapiga makofi, na ukutani kuna ubao mpana kama mlango, kadi zangu nzuri nzuri zote zimebandikwa kwa gundi, bandari hapa, stesheni pale, tembo katikati, na kioo juu.

"Shem, umependa?" akaniuliza. "Sasa mende watazitazama tu!"

Nikajibu nimependa. Huo ulikuwa uongo, mshauri, kwa sababu mimi picha sina haja nazo! Mimi nakusanya mgongo wa kadi! Kule nyuma ndiko waliko watu: "Nimefika salama, viatu vinanibana, mwambie mama asiuze baiskeli." "Mbona huandiki, au umevunjika mkono?" Na ile ya stesheni ni ya marehemu kaka yangu, ambaye tulikuwa hatusemezani naye mwaka mzima: "Mdogo wangu, hasira zimeisha, nakuja Jumamosi." Jumamosi hiyo hakuifikia. Sasa mwandiko wake umezikwa kwenye gundi, na kila mgeni ananisifia tembo!

Juzi nikashindwa kuvumilia nikamfokea shemeji, "Nani alikutuma?" Akanitazama kama nimempiga kibao. "Si wewe mwenyewe kila siku unasema unapenda picha?" Mshauri, nimwambie ahame?

Ni mimi, Mgongo wa Kadi.

Mshauri anajibu:

Fundi, pole, na kwa kaka yako pole tena. Niliposoma neno gundi nami nilisimama kitini. Kumtolea mtu vitu vyake uvunguni na kuvibandika bila kumwuliza ni kosa, hata kukiwa na makofi, na shemeji yako aambiwe hivyo bila kupakwa mafuta.

Ila na wewe njoo hapa. Kwa nini miaka yote hiyo unasema unapenda picha? Uliona haya kujulikana kwamba unasoma barua za watu, sivyo? Mtu mzima na kitambi chako! Ukamdanganya, akakuamini, akakesha akipanga tembo na bandari kwa heshima yako, nawe unamnunia kwa sababu alikuamini. Hata ulipoulizwa waziwazi ulisema umependa. Aliyeanza kuificha migongo hiyo ni wewe.

Asihame mtu. Leo hii ushusheni ubao, na kisu usikishike. Wewe unajua saa, karatasi mwachie shemeji yako. Mwulize ni gundi gani. Kama ni ya unga, atajua kuilegeza polepole kwa unyevu kidogo, na aanze na tembo, wino ukichuruzika tusilie sana. Kama ni gundi ya mbao, iacheni stesheni ilipo, msije mkaichana.

Lakini kabla hajagusa kitu, mketishe umsomee kadi ya kaka yako. Unayajua maneno yake yote. Umeniandikia mimi nisiyekujua, na huyo anayekupikia hajawahi kuyasikia. Kaka yako alimaliza mwaka wa kununiana kwa mstari mmoja. Utumie huo huo, ila wewe usingoje Jumamosi.

Kisha kaa mezani ule. Chakula hakijakukosea.