Ukuta wa Mgodi wa Fedha

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko nyumbani? Sisi hapa ughaibuni, Walthamstow, tu wazima. Mama yako amepata zamu za mchana hospitalini, kwa hiyo sasa namwona akiwa macho.

Umeuona mgodi wetu wa fedha uliotelekezwa jangwani, ukaniuliza: wachimbaji wa kwanza walikata tamaa pale, mimi nilijuaje madini hayajaisha?

Juzi karibu na soko nimeona barabara iliyochimbwa ikafukiwa vibaya. Mstari wa njano umekatika, unaendelea pembeni kidogo. Nikacheka peke yangu. Hata kule mgodini, zamani sana, maji ya moto yalipanda kwenye ufa, yakaacha fedha ndani ya mshipa wa jiwe jeupe. Kisha ardhi ikapasuka, upande mmoja ukateleza na kuukata mshipa. Wachimbaji wa kwanza waliufuata mshipa hadi kwenye ukuta wa mpasuko huo, wakadhani umekwisha.

Kiongozi wa kikosi chetu, tuliokuja baadaye, naye alisema tufunge mahema tuondoke. Mimi nikaupapasa ule ukuta kama mgongo wa paka. Mkono ukishuka, laini, ukipanda, unakwaruzwa. Mwamba hulainika kuelekea kule mwenzake alikoteleza; basi upande uliopotea ulikwenda chini!

"Tuchimbe hapa miguuni," nikasema.

"Binti, jua limekupiga kichwani," akanijibu, akatoka.

Nikashika sururu mwenyewe. Jiwe jeupe lilipotokea nilipiga vigelegele hadi vumbi likaniangukia. Nilimkuta nje ameshafunga hema lake. Akalitazama jiwe, akalisimamisha hema upya.

Leo mgodi ule umekwisha kweli, Neema. Tuliumaliza sisi.

Nyanya yako,
Rispa