Laptop ya Kafa-Ulaya

Uru, Jumamosi, mwezi wa saba, 2007

Baridi. Mlima haujaonekana wiki nzima, umejifunika ukungu kama mgonjwa asiyetaka wageni. Manyunyu tangu alfajiri, migomba inadondosha maji, na mimi nimekaa mezani nimevaa makoti mawili huku mikono ikitetemeka. Msiisingizie baridi. Baridi ya hapa nimezaliwa nayo.

Ninaogopa laptop.

Haya, chekeni. Mke wangu, Mama Yustina, alicheka mpaka akashika ukuta. Binti yetu Yustina, ambaye ni mwalimu Arusha, ndiye aliyenifungulia blogu hii Krismasi iliyopita, eti nipunguze kupiga domo kwenye vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mpaka juzi nilikuwa naandikia intaneti kafe mjini, vijana wakinichungulia begani. Leo kwa mara ya kwanza naandikia nyumbani. Jumatatu nitayabeba maneno haya kwenye flashi niyashushe mjini, kama ndizi.

Kwa asiyenijua: nimesoma mpaka darasa la sita. La saba walinikataa, nami nikawakataa. Hata hivyo maisha yangu yote nimekula kwa kuandika. Nina meza yangu barazani Kiboriloni na taipureta juu yake. Naandika barua za posa, mikataba ya viwanja, mihtasari ya vikao vya ukoo. Lakini kazi yangu kubwa ni wasifu wa marehemu, yale maelezo yanayosomwa kanisani kabla hatujaenda kaburini. Mlevi namwandika kwamba alipenda watu. Mgomvi, alikuwa na msimamo. Bahili, aliitunza sana mali ya familia. Hajarudi hata mmoja kulalamika.

Sasa riboni za taipureta zimekwisha Moshi nzima. Nimezunguka maduka yote, wananiangalia kama ninayeuliza mafuta ya karabai.

Mwezi uliopita alikufa Kalisti, fundi mwashi, rafiki yangu tangu tukiwa tunaiba mapera ya misheni. Nilimwandikia kurasa mbili kwa riboni kuukuu niliyoiloweka kwenye wino wa mhuri. Kanisani, Paroko akasoma vizuri mpaka katikati ya ukurasa wa pili. Wino ulikuwa umefifia, akasogeza karatasi puani. Akaigeuzia dirishani. Akakohoa.

"Na mengine mengi mazuri," akasema, akaikunja.

Hayo mengine mengi mazuri ndiyo alikuwa Kalisti mwenyewe! Pale ndipo nilipoeleza jinsi alivyomjengea jirani yake ukuta ulioanguka, miaka wakiwa hawasemeshani, na akaujenga wote bila kumsemesha. Hakuna aliyesikia. Mjane wake alikaa benchi la mbele, hakugeuka kuniangalia. Afadhali angenitukana.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza yangu, kuna binti amefungua steshenari yenye kompyuta. Anachapa safi, mpaka maua pembeni anaweka. Lakini ni mgeni, hamjui mtu. Kwake Kalisti angekuwa jina, miaka na idadi ya wajukuu. Nikishindwa na mashine hizi mpya, wafu wetu wote watavukishwa ile barabara, na watazikwa na maua ya pembeni.

Basi Jumanne nikateremka mjini kwa Hamisi, fundi anayeuza kompyuta.

"Shikamoo, Mangi." Kwake kila mzee wa Kichagga ni Mangi, yaani chifu.

"Marahaba. Nipe kompyuta isiyo na kiburi."

Akaniwekea mbili mezani. Ya kwanza mpya, ya fedha, nyembamba, kioo kinang'aa kama cha saluni. Nilipoinama kukitazama nikaona mikunjo yangu yote, nikajirudisha nyuma. Ya pili nyeusi, nene, nzito kama tofali la Kalisti, kioo chake hakina mng'ao. Hamisi akasema hiyo ni ya kiofisi, mtumba kutoka Ulaya. Bawaba zake za chuma, skrubu zinafunguka, vipuri vinapatikana, na betri amebadilisha, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya sentensi naendelea tu. Ile mpya ni nzuri kwa sinema na muziki, ila ikivunjika bawaba, basi tena.

Nikazikagua kama ninavyonunua ng'ombe. Nikainyanyua kila moja, nikaifungua na kuifunga mdomo, nikashika tumbo kama lina homa. Hamisi anacheka. Halafu akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Sasa mzee wangu, wewe unataka ya kukaa miaka mingapi?"

Jamani.

Alimaanisha mashine, najua. Lakini niliyehesabiwa pale dukani ni mimi.

Ili asione kwamba amenigusa, nikasema awashe ile nyeusi. Ikanguruma kidogo, ikawaka. Nikaona mtu.

Mzungu mzee, amekaa kwenye benchi la bustani, kofia mapajani, ananiangalia. Hamisi akasema, "Aa, huyo ni mwenyewe wa zamani, nilisahau kumfuta." Zamani nguo za mitumba tuliziita kafa-Ulaya, yaani mwenyewe kafa huko, tukicheka. Nimevaa makoti ya kafa-Ulaya miaka mingi bila kujali aliyeyavaa ni nani. Lakini koti halina macho. Huku kwetu mali ya marehemu haibebwi tu kama kuku wa mnada. Watu wanakaa, wanagawana, wanakubaliana. Huyu nani alikaa kikao chake? Nani alisema laptop iende kwa mzee mmoja wa Uru?

Nikamwambia Hamisi nakuja. Nikaondoka bila kununua. Nilikimbia, kusema kweli, kama uzee unavyoruhusu.

Mama Yustina hakunihurumia. "Baba Yustina, mtu umeandika wafu maisha yako yote, leo unaogopa mmoja kwa sababu ni mweupe?" Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kama nikinunua nichague ile mpya, ili naye asikilize kwaya zake na kuona picha za wajukuu. Nikalala na Mzungu upande huu na kwaya upande ule.

Jumatano nikaenda kwa Paroko. Mimi na yeye tunataniana, ila siku hiyo sikutania. Nikamweleza. Akasema, "Lete, nitaibariki. Si nabariki pikipiki na mashine za kusaga? Nitainyunyizia maji ya baraka, mambo yaishe."

Maji!

Nikateremka tena kwa Hamisi. Nikamuuliza bila aibu ipi kati ya hizi inavumilia maji ya baraka. Akaangalia ile ya fedha. "Hii, mzee wangu, padri akinyunyiza, utahitaji padri tena wa kuizika." Akaigeuza ile nyeusi, akanionyesha vitundu chini ya tumbo. Kisha, huyu mtoto wa Kiislamu, akachukua glasi ya maji, akasema bismillahi, akamimina kidogo juu ya vitufe. Maji yakatokea kwa chini, tone, tone, mezani. Mashine ikaendelea kuwaka. Mzungu hakupepesa jicho.

"Hizi zilitengenezwa kwa watu wa maofisini wanaomwaga kahawa, Mangi."

Kahawa? Nikainama, nikavaa miwani. Kati ya vitufe kweli kulikuwa na mabaka ya kahawia yaliyokauka. Nikanusa. Sijui kama ni pua au ni moyo, lakini nilisikia harufu ya nyumbani kwa baba yangu. Sisi tunaichuma na kuianika, inapanda meli, hata hatuionji. Kumbe kuna mzee kule alikuwa anainywa na kuimwagia humu ndani. Huenda alikunywa ya kihamba changu, shamba hili la ukoo. Basi huyu ni mtu aliyekwisha kukaa mezani kwangu kabla sijamjua.

Hofu haikuisha. Ilipata tu mahali pa kukaa.

"Uliniuliza ya kukaa miaka mingapi," nikamwambia Hamisi. "Nipe ya kunizika."

Akaifunga ile nyeusi kwenye gazeti. Akauliza kama amfute mzee wa benchini. Nikasema amwache.

Jana Paroko amenyunyiza. Mtu huyu hana kiasi. Mpaka mimi nililowa. Mama Yustina alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Nikaipindua, yakadondoka. Nikaiwasha, ikawaka. Mama Yustina akaweka sidii ya kwaya, na tofali likaimba. Sauti yake kama imefungiwa kwenye debe, lakini amesema inatosha.

Na leo asubuhi, kwenye manyunyu haya haya, amekuja mjane wa Kalisti. Hakuvuka barabara. Amepanda mpaka huku nyumbani, miguu ina matope, na zile kurasa mbili ndani ya mfuko wa nailoni. Anataka nizichape upya, zisomeke, zisomwe zote siku ya arobaini. "Ukurasa wa ukuta usiuache," amesema. Kumbe aliusoma mwenyewe, neno kwa neno, kwenye mwanga wa dirisha.

Ndiyo maana mikono inatetemeka. Nimezoea herufi ninayoigonga inakaa pale pale hata nikifa. Humu kidole kimoja kibaya na Kalisti anaweza kutoweka mara ya pili. Kabla ya kuanza nimeandika haya mnayoyasoma, ili vidole vizoee. Nimeyahifadhi mara nne.

Sasa nimeyasogeza pembeni ya kioo, na nyuma yake yuko mzee wa benchini. Ananiangalia, namwangalia. Nywele zake nyeupe, zangu nyeupe. Tuna kazi ya kufanya mimi na yeye, na kazi haianzi kabla ya watu kusalimiana.

Lakini kati yetu, nani amwamkie nani?