Rangi Ambayo Sikuikwaruza

Papa Ilunga,

Kwanza nakuomba: usimwambie mtu yeyote huko uliko neno hata moja la barua hii. Hasa baba yangu, kama mmekwisha kukutana. Unajua hakuwahi kutunza siri hata wiki moja.

Tangu tukuzike, Likasi imezidi kunyamaza. Kiwanda kinafanya kazi siku mbili, kinalala tatu. Mama Vero, mkeo, ni mzima. Jumapili, baada ya misa, aliwaambia wanawake wenzake: "Kazi ya bwana yangu, hakuna muntu alisharudilia hata siku moja." Eti hakuna aliyewahi kuirudia! Nikageuza uso, Papa. Ndiyo sababu naandika.

Ile kebo tuliyoivuta kutoka ofisini hadi maabara inasumbua. Kila mota ya kinu cha kusagia mawe inapowashwa, kompyuta ya maabara inapoteza tarakimu. Chefu, mkubwa wa ofisi yetu, anasema ni kazi mbaya ya marehemu, na amenipa mimi, karani wake, ripoti niipige chapa. Jina lako liko mstari wa tatu.

Nimekumbuka yote uliyonifundisha nilipokuwa nakushikia ngazi, ingawa kazi yangu ilikuwa karatasi tu. Ulikataa tuilaze kebo pamoja na nyaya za mota. "Hizi hazipendane," ulisema, ukazunguka nayo ukuta mzima kwa miguu yako iliyovimba. Nilipoibana kwenye kona, ulinifokea: "Weye mutoto, unaikunja kama shati ya misa?" Na ule wavu wa shaba unaozunguka nyaya za ndani, ngao ya kebo, ulinikataza kuusokota kuwa mkia. Kibano kiukumbatie pande zote, nacho kiguse chuma kitupu, ili makelele ya mota yashuke ardhini yasiingie ndani. "Chuma kitupu, monsieur. Rangi, hapana!"

Kisha ukaugua, na kichwa kimoja cha kebo kikabaki hakijabanwa, kule maabara. Ulinituma mimi. "Miye naaminia weye," ulisema kutoka kitandani.

Kabati la maabara lilikuwa limetoka kupakwa rangi ya kijani kwa ajili ya wageni wa mkurugenzi. Lilikuwa na namba ya mali ya kampuni. Niliogopa, Papa. Niliogopa kuulizwa nani amelikwaruza. Nikabana ngao juu ya rangi, nikafuta alama za vidole vyangu kwa leso, nikarudi kukuambia kazi imekwisha. Ukaniuliza kama nimekwaruza vizuri. Nikasema ndiyo. Ukatabasamu.

Umekufa ukiniamini.

Jana mchana nilikwenda pale na kisu cha jikoni. Nilikwaruza hadi chuma kikang'aa, nikabana upya. Kinu kikawashwa. Tarakimu hazikucheza. Nikakaa sakafuni, nikalia, na yule mama anayepima madini akadhani nalia njaa, akanipa nusu ya muhogo wake. Niliula. Ungecheka sana.

Ningeweza kunyamaza, kebo imepona. Lakini ripoti ilikuwa bado mezani. Nimeipiga upya. Mstari wa tatu sasa una jina langu, na kosa langu, lote. Ninaipeleka kwa chefu asubuhi hii kabla hajavua koti, kwa maana nikingoja alivue sitathubutu tena. Huenda akanifukuza, na siku hizi anayefukuzwa hapati kazi nyingine. Nikitoka kwake nitakwenda kwa Mama Vero, nimwambie kwa kinywa changu. Hilo nakuahidi.

Lala salama, fundi wangu. Nikifukuzwa, usinitafute ofisini wala chumbani kwangu. Nitakuwa Kakontwe kwa dada yangu Jeanne, nyumba ya mwisho kabla ya machimbo ya chokaa. Njoo ndotoni karibu na alfajiri, ndipo usingizi hunishika. Mbwa wao anabweka tu, haumi. Na kama una hasira nami, njoo vilevile.

Placide