Ngalula, panda kijiti upya

Ngalula, binti yangu uliye mbali kule Lubumbashi,

Mama yako amenisomea meseji yako mara mbili. Seri yako, ile hesabu ya kuongeza kipande juu ya kipande, inaanza muzuri, halafu bipande binazidi kukuwa bikubwa na hesabu yote inaharibika. Sasa unataka kuacha masomo, uende Fungurume kuuza samaki na shangazi yako. Hapana. Mutoto yangu hatakimbia hesabu yenye mi nilishaishinda.

Unakumbuka likizo ile, uliponionyesha kazi yako mu jiko yetu hapa Kolwezi? Ulisema, "Tata, hii ekwasyo ya hesabu haiendi sawa, kitu inajibadilisha yenyewe ikiwa inatembea. Jibu kamili hakuna mutu anayo. Tunaanza na jibu ya karibu, tunaongeza kipande ya kurekebisha, halafu ingine ndogo zaidi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Hiyo njo kazi yangu ya pampu, kuvuta maji mu mugodi! Banakupa diplome juu yake?"

Nikatoa kipande ya makaa mu mbabula ya kupikia, nikachora shimo la mine ku ukuta. Nikakueleza: kwanza nahesabu kama vile pampu inavuta tu. Halafu naondoa maji yenye kutoka mu kuta, kwa sababu shimo likikauka, kuta zinatoa zaidi. Halafu narudisha kidogo, kwa sababu maji sasa inashuka polepole na kuta zinatoa kidogo kuliko nilivyosema.

Mama yako akapiga kelele, "Ingénieur bila viatu, ukuta yangu!"

Wewe ukasema, "Mama, umuache. Eko sawa."

Siku ile nilikuambia sijakosea hata mara moja. Nilikudanganya.

Nilishapiga hesabu ya juma nzima kutoka alama moja ya kijiti, kile napanda mu maji kupima inafika wapi. Kipande ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, ya tatu ikapita ya pili. Mi kichwa nguvu, nikaendelea kuongeza. Nikasema shimo itakauka Alhamisi. Rafiki yangu Kasongo akashuka, maji ikamufika kifuani. Akatoka akitetemeka: "Muzee, kijiti yako inaogelea!" Nikajibu kwamba kuna mutu alikisogeza. Mpaka leo anaamini.

Kisha hapo nilihesabu saa chache tu, wakati bipande bingali bidogo. Nashuka, nasoma maji ilipofika, napanda kijiti pale, naanza hesabu upya. Halafu tena. Hivyo njo nilikausha mashimo yote ya maisha yangu.

Seri yako haijafa. Unaivuta mbali sana na pale ulipoianzisha. Kata muda, mwisho wa kipande moja ukuwe mwanzo wa ingine. Mwambie profesa ni mi nimesema.

Mama yako amepaka chokaa jiko nzima, lakini shimo lenye nilichora ku ukuta amelizunguka, hakulifunika. Jumapili nitaenda kwa Kasongo kumwambia ukweli wa kijiti. Hiyo ni ngumu kuliko ekwasyo yako, na mi nitaifanya. Basi na wewe rudi mezani, ku hesabu yako.

Tata yako, mwenye pampu