Maharage ya Soksi ya Kijivu

Mpendwa Baba,

Naanza na habari ya bamia, kwa sababu najua ungecheka. Mwaka huu zimezaa mpaka majirani wananikimbia. Nikitokea na kikapu, mlango unafungwa. Nimepika bamia, nimekausha bamia, nimepeleka bamia shuleni mpaka mwalimu mkuu akaniomba niwahurumie walimu wenzangu. Nyanya zimeoza zote zikiwa bado kijani, hata moja sikuionja. Mchicha umesitawi. Miche ya pilipili ilifukuliwa na kuku wa jirani siku ya tatu tu tangu niihamishie bustanini. Mwenye kuku akaja na mayai kuomba radhi, kwa hiyo hapo sijui nani alipata hasara.

Lakini wewe hukuwa mtu wa bamia. Ungeniacha nimalize, halafu ungeuliza swali lako moja. Nitalifikia, Baba, nipe muda kidogo.

Nakukumbuka ulivyoshuka kwenye basi pale Kibiti, ukitokea Njombe, umevaa koti lako la sufu wakati stendi nzima inajipepea. Nilikwambia ulivue. Ukasema, "Nikilivua nitaugua." Ulishinda nalo kila siku ya kukaa kwako kwangu hapa Mtunda, na watoto wa mtaani hawakuhitaji kuuliza jina lako. Ukawa Mzee Koti. Mfukoni mlikuwa na soksi ya kijivu iliyofungwa fundo, na ndani yake maharage yako yenye madoa mekundu, yale uliyoyapanda tangu mimi sijazaliwa. Kaka alikuwa ameshageuza shamba lote la nyumbani kuwa la parachichi. Hukumlaumu. Ila ulinishika mkono, ukaniwekea ile soksi kiganjani. "Hakuna duka lenye haya, Upendo. Yakiisha haya, ndiyo yameisha."

Kesho yake ulizunguka nyuma ya nyumba, ukachota udongo na kuuacha upite kati ya vidole. "Mwanangu, huu si mchanga wa kujengea?" Pamoja na hayo ukaomba jembe. Masika yalikuwa yameanza, na wewe maisha yako yote ulipanda na mvua za kwanza. Ukainua matuta marefu, umeyanyoosha kwa kamba, kama yale ya kwetu kwenye baridi. Ndipo Bi Tatu, jirani yangu, yule yule mwenye kuku, alipochungulia juu ya ua wa makuti.

"Mzee, pole na kazi. Hayo maharage unayakimbiza wapi? Mvua hii ya mpunga. Ngoja mlau."

Ukauliza mlau ni mdudu gani. Akakueleza kwamba huku Rufiji watu huacha masika yapite, na maji yanapokauka mabondeni ndipo hupanda kwenye unyevu uliobaki, joto likiwa limepungua. Ulimsikiliza kwa heshima zote. Alipoondoka ukaninong'oneza, "Mtu apande mvua ikiwa imekwisha? Huyu mama ana utani." Tukacheka, mimi na wewe, tukapanda nusu ya soksi.

Hizo ndizo siku ninazozipenda kuliko zote. Asubuhi kabla sijaenda shule tulichuchumaa pamoja kwenye matuta, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuona jani. Yalipochomoza ulivua kofia. Koti hukulivua. Bi Tatu akatuletea kunde za nazi, ukaniambia nazi ni ya kupaka kwenye ngozi, halafu ukafuta bakuli kwa kidole ukidhani sikuoni.

Uliondoka yakiwa na majani manne. Wiki ile ile mvua ikayabomoa matuta, mchanga ukahama na mizizi ikabaki nje. Yaliyosalia yaligeuka njano yakaoza. Sikubakiwa na shina hata moja. Na wewe huko ukawa umelazwa. Uliponipigia simu sauti ilikuwa imekwisha, hukuuliza habari ya shule wala ya joto. "Maharage yametoka vizuri?" Nikajibu, "Yanachanua, Baba." Ukasema, "Asante Mungu." Kaka aliniambia baadaye kwamba ulimsimulia mpaka muuguzi. Siku chache baadaye tulikuzika.

Nilisimama kaburini nikiwa bado nimeubeba uongo ule. Nilirudi Mtunda, na karibu mwaka mzima soksi ikakaa kabatini chini ya mashuka. Sikuthubutu kuifungua. Nilijua mbegu haingoji milele, lakini niliogopa kwamba nikiipanda ikafa, nitakuwa nimekudanganya mara mbili.

Mwishowe nilimweleza Bi Tatu yote. Nilitegemea pole, yeye akasema, "Hiyo soksi iko wapi?" Tuliikung'uta, yakajaa kiganja kimoja. Masika yalipoanza akanikataza kushika jembe. Baba, sijui nikueleze vipi ile taabu. Kila ikinyesha mikono yako ilikuwa inaniwasha mikononi mwangu. Nikisogea tu bustanini, namsikia kutoka ng'ambo ya ua: "Bado, mwalimu! Mie ntakwambia."

Mwezi wa sita maji yakakauka kwenye kile kibonde mwisho wa kiwanja, kile ulichosema kinafaa kufugia vyura. Tukashuka pekupeku. Bi Tatu alibonyeza udongo mweusi kwa kisigino, ukabonyea bila kutoa maji. "Haya. Sasa." Hakuna tuta wala kamba. Yeye alitoboa kwa mti, mimi nikadondosha punje. Nilitazama juu, hakuna wingu hata la dawa, na nikaona ungekuwepo ungenivuta sikio.

Yakaota machache kuliko nilivyoomba. Mengi yalikuwa yamechoka na kukaa, na panzi wakala mawili. Yakabaki kumi na moja. Nilimwambia Bi Tatu, "Kumi na moja tu." Akaniangalia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. "Mwalimu, ulikuwa na mangapi mwaka jana?"

Asubuhi moja, nimeshavaa kwenda shule, nilipita kuyaangalia nikakuta maua. Meupe, madogo, yamejificha chini ya majani. Nilikaa pale pale kwenye tope na sketi yangu ya kazini, nikalia huku nacheka, nacheka huku nalia. Bi Tatu alipiga kigelegele akiwa ng'ambo ya ua bila hata kuuliza kuna nini. Darasani niliingia na tope hadi magotini, wanafunzi wakafurahi sana.

Tumevuna bakuli zima, Baba. Soksi yako imejaa tena mpaka fundo halikazi vizuri. Bi Tatu ana mbegu zake kwenye kopo, na dada yake, aliyeolewa visiwani huko delta, ameondoka na kidogo kwenye kona ya khanga. Watu wakipita wananiambia, "Mwalimu, na mie nikumbuke kwenye hayo ya Mzee Koti." Ndilo jina yalilopewa huku. Hata Kaka amepiga simu, anataka kikombe kimoja apande kati ya parachichi zake. Nimemwambia yupo kwenye foleni, nyuma ya mwalimu mkuu.

Tulitoa kidogo tukaonja, mimi na Bi Tatu. Tuliyapika na nazi. Najua. Ila nilifuta bakuli kwa kidole, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumficha.

Nisamehe kwa jibu lile la kwenye simu. Nilitaka ulale vizuri, sikuwa na kingine cha kukupa. Leo ninacho, na nimefurahi mno kiasi kwamba nimeshindwa kumaliza kusahihisha madaftari. Kwa hiyo niulize tena, Baba, polepole kama ulivyouliza siku ile.

Yalichelewa mwaka mmoja, lakini yalichanua.

Wako,
binti yako aliyebaki na soksi,
Upendo