Sinki Linalokoroma

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya tano bila mke wangu, Mama Kijacho. Yuko kwa dada yake na tumbo lake la miezi saba. Alisema wazi: harufu ya jikoni ikiisha, nimwite. Isipoisha, mtoto atazaliwa huko huko.

Nimemimina chupa nzima ya dawa ya choo kwenye sinki. Sasa jiko linanuka maua — na mavi. Sielewi!

Jumanne, 7 Mei

Nimesugua sinki mpaka nikajiona sura. Nimenusa ndoo ya taka, friji, hata soksi zangu. Halafu nikachungulia chini ya sinki. Bomba limepinda kama shingo ya bata! Maji machafu yanakwama hapo, lazima. Jirani akacheka, ati kila nyumba iko hivyo. Basi kila nyumba ina makosa.

Jumatano, 8 Mei

Pua imechoka. Sijui tena kama nanusa au nakumbuka.

Ila kuna hili: nikivuta maji chooni, sinki la jikoni linakoroma. Glu-glu-glu. Choo kiko huku, sinki liko kule. Vinajuana vipi?

Ijumaa, 10 Mei

Fundi bomba kaja. Mama mmoja mwenye ndala na spana ndefu, hana maneno mengi. Nikamwambia aninyooshee lile bomba. Akaniangalia kama mwendawazimu. Ati pale palipopinda pamepindwa makusudi. Maji yanayobaki mle ndiyo mlango; yakikauka, hewa ya shimo la maji taka inaingia ndani bila hodi.

Lakini mimi naosha vyombo kila siku! Maji yatakaukaje?

Akamulika tochi kwenye tundu la sinki. Maji yanang'aa, nimeyaona. Akanituma nikavute choo. Glu-glu! Narudi — pakavu. Nimekodoa macho tu.

Kumbe maji ya choo yakishuka, bomba linatafuta hewa. Likiikosa ya juu linainyonya kwenye sinki, na yale maji yanakwenda nayo. Hewa ya juu ipi tena? Akanyoosha kidole: kuna bomba limetokeza juu ya paa, kazi yake kupumua tu.

Akapanda ngazi. Mara nasikia anafoka, nani kalivisha bomba hili kopo la rangi na kulizungushia saruji?

Ni mimi. Ndege walikuwa wanajenga kiota mle. Mchimba kisima kaingia mwenyewe!

Kopo limeng'oka. Tumevuta choo mara nne. Sinki kimya.

Jumamosi, 11 Mei

Harufu hakuna! Nimempigia simu Mama Kijacho, nikamwambia nakuja na teksi sasa hivi. Hakushangilia. Akauliza nani kaniambia habari ya bomba la juu. Nikasema fundi. Akasema taratibu: kwani yeye mwenyewe hakuniambia?

Lini? Nikamwomba asubiri, nikakimbilia daftari hili. Nimepekua nyuma mpaka nimefika Jumanne, 12 Machi. Mwandiko wangu mwenyewe: "Nimeziba bomba la paa. Ndege wamekoma. Kopo moja, saruji kidogo. Kazi safi. Mama Kijacho amesema kitu."

Kitu gani? Nimeweka nukta hapo, nikaendelea kuandika habari za hali ya hewa.

Simu iko mezani, haijakatwa. Nasikia anapumua. Anauliza kama bado nipo.