Mafuta kwenye Koki ya Oksijeni

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia karakana tena. Baridi. Vumbi la mtaa wetu wa Kikula limelala juu ya vyuma kama unga. Tangu tumzike mume wangu Donatien, hakuna kilichowashwa humu. Nakaa kwenye kiti chake, namwona akichomelea. Kwanza gesi ya kabidi peke yake: moto wa njano, masizi yakielea. Halafu anaifungulia oksijeni kidogo kidogo. Zinachanganyika, moto unakuwa wa buluu, mwembamba, unaimba. Hapo ndipo alipokuwa akitabasamu.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji Fidèle, mdogo wake Donatien, atafungua karakana Jumamosi; kuna watu wanataka wachomelewe geti. Amezoea kuchomelea kwa umeme. Gesi haijui vizuri. Watu wa kanisa watakuja kwanza kubariki vifaa.

Ijumaa, 7 Juni
Wameimba vizuri. Nimelia. Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, alipaka mafuta mlango, meza, nyundo. Halafu chupa ya oksijeni, ule mtungi mrefu wa chuma, palepale kwenye koki. Mafuta yaling'aa, yakateremka taratibu. Niliangalia kama mtu aliyeko ndotoni.

Donatien hakugusa koki ile bila kunawa kwa sabuni, hata akiwa amekula kitumbua kimoja tu. Alinieleza: oksijeni imebanwa sana humo. Ikitoka kwa nguvu na kukuta mafuta, yanawaka yenyewe. Haihitaji kiberiti.

Jumamosi, 8 Juni
Fidèle amekuja na ufunguo wa koki mkononi, Mama Pasta nyuma yake. Nikasimama mbele ya chupa.

"Toka pale, Yaya," akasema Fidèle; ndivyo anavyoniita, dada mkubwa. "Bantu ya geti beko banangojea."

"Hapana. Iko na mafuta."

"Mafuta ya Mungu njo itaniunguza?"

"Mungu minamujua. Lakini oksijeni haiendake kanisa."

Mama Pasta ndiye aliyecheka kwanza. Akasema maombi hayafutiki kwa sabuni, chupa ipelekwe ikasafishwe. Kitambaa kisingetosha; mafuta yalishaingia ndani ya koki. Tumeirudisha kwa muuzaji, kule mtaa wa Shituru, nikamweleza mwenyewe. Kazi ya geti imechukuliwa na fundi mwingine. Fidèle amekasirika sana. Hakuniaga.

Jumapili, 9 Juni
Fidèle amekuja baada ya ibada. Amekula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaongeza. Hakutaja chupa, nami sikutaja. Baridi imemshika kifua. Alipotoka nilimsikia akikohoa njiani, karibu, kisha mbali. Nilisimama mlangoni, nikamsikiliza mpaka kwenye kona.